Erastus Shikanga, Mwalimu Aliyechora Roma kwa Plau

Alhamisi, tarehe 31 Julai 2025, Mwalimu Erastus Shikanga anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kushika chaki. Miaka miwili ya kwanza aliifanyia kwao Likuyani. Thelathini na miwili iliyobaki ametupa sisi wa Shule ya Upili ya Shirakwe, hapa karibu na Butali, katika chumba kilekile cha Historia ambacho madirisha yake hutazama mashamba ya miwa. Kwa hesabu yangu, na kwa kuwa mimi ni mwalimu wa hesabu naomba nisibishiwe, wanafunzi zaidi ya elfu mbili na mia tano wamepita mbele yake. Sijui hata mmoja aliyetoka hapa bila kujua Roma ilianzaje, nani aliitawala mwanzoni, na ni kwa nini siku moja Warumi waliamua kwamba hawataki mfalme tena.

Kamati ya sherehe imenipa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu nimeketi naye meza moja tangu mwaka 2004. Jina langu ni Weldon Kipngetich, ingawa wanafunzi huniita Remo, na jina hilo lilitokana na aibu yangu mwenyewe ambayo nitaieleza. Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa kushangazwa ovyo. Nilikuja Shirakwe nikiamini kwamba Historia ni somo la watu walioogopa hesabu. Nimekaa na mtu huyu miaka ishirini na moja, na imani hiyo siko nayo tena.

Mwalimu alizaliwa mwaka 1965 katika familia ya wakulima wa mahindi, kwenye ardhi iliyokuwa shamba la Mzungu kabla ya kugawanywa. Baba yake alifika huko na mke, ng'ombe wawili na plau moja ya chuma. Majirani wote walikuwa wageni vilevile. Wa upande wa kulia alitoka Maragoli, wa kushoto alitoka Nandi, na wa ng'ambo ya kijito hakuna aliyejua alitoka wapi wala aliyemuuliza. Mwalimu alipofika chuo kikuu akasoma jinsi Romulo alivyotenga uwanja kati ya vilele viwili vya kilima, akawakaribisha watoro, watumwa waliokimbia mabwana zao na kila aliyekosa kwao, hakuona jambo geni. Anasema aliona Likuyani tu, na watu wakizungumza Kilatini.

Plau ile ya baba yake ndiyo aliyokuja nayo Shirakwe. Kila Januari, katika wiki ya kwanza ya Kidato cha Kwanza, aliwachukua wanafunzi wapya hadi uwanja wa chini, akaazima ng'ombe wawili kwa jirani, dume na jike, akawafunga nira. Jike alikaa upande wa ndani na dume upande wa nje, kama hadithi inavyosema Romulo alivyofanya. Kisha Mwalimu, amevaa tai yake ya kawaida, alishika mikono ya plau na kulima mtaro mmoja mrefu kuwazunguka wanafunzi wote. Udongo ulilazwa upande wa ndani. Huo ndio ukuta wa mji wenu, aliwaambia, na tangu sasa ni mtakatifu, hakuna anayeuruka. Alipofika mahali pa lango aliinua plau kwa mikono miwili, akaibeba hatua nne hewani, akaishusha ng'ambo. Ardhi ya lango haikuguswa, maana watu lazima waingie na watoke, na kuna siku hata maiti itatakiwa kupitishwa. Nimeona tendo hilo mara ishirini na moja, na kila alipoinua ile plau mwili wangu ulisisimka.

Mara ya kwanza nililiona vibaya kwa sababu nilikuwa naliharibu. Ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini. Nilimwona mtu mwenye tai akilima, na watoto themanini wamesimama kimya katikati ya mtaro, nikashuka mbio kwenda kumsalimia mwenzangu. Nikauruka. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililonitisha. Kutoka nyuma msichana mmoja akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwalimu, huyu si amekufa?" Kila mtoto pale alikuwa ameshaambiwa kwamba Remo, pacha wa Romulo, aliuruka ukuta mpya kwa dharau na akauawa papo hapo. Mwalimu Shikanga alinitazama kuanzia viatu mpaka nywele. "Amekufa, eeh," akajibu. "Lakini ndiye wa hesabu, na hatuna mwingine." Tangu siku hiyo wakuu wa shule wanne wamepita hapa, na wote walinijua kwa jina la Remo kabla hawajasoma faili langu.

Msidhani alikuwa akifundisha ngano. Mbwa mwitu jike aliyewanyonyesha mapacha alipewa nafasi yake, nayo ni nafasi ya hadithi ambayo Warumi wenyewe waliipenda. Baada ya hapo Mwalimu aliwaambia wanafunzi yale ambayo wachimbaji waliyakuta juu ya kilima kando ya mto Tiber: mashimo ya nguzo, yamepangika duara, alama za vibanda vya wachungaji. Kuta za fito na udongo, paa la nyasi, moto katikati. Aliwaambia watoto wa wakata miwa na wakulima kwamba mji uliokuja kutawala nchi zote za kandokando ya bahari ile kubwa ulianza na nyumba ambazo nyanya zao wangeziingia bila kuuliza mlango uko wapi. Mimi nilikuwa nje, nasubiri kipindi changu. Nilisahau kuingia kwa dakika nzima.

Kisha wakaja wafalme saba. Kwa masimulizi ya Warumi, mfalme akifa ufalme haukwenda kwa mwanawe. Mamlaka yalirudi kwa wazee, ndio waliokuwa wakiitwa seneti, wakamtafuta anayefaa, na watu wakakusanywa kumkubali. Wa pili, Numa, alitoka kwa majirani Wasabini, akaitwa aje atawale kwa sababu ya utulivu wake. Mimi, Mkalenjin peke yangu katika chumba cha walimu cha Shirakwe, nilimpenda Numa sana na nilikuwa nikimtaja kila uchaguzi wa mwenyekiti wa kamati ya chai ulipokaribia, ingawa sikuwahi kuitwa. Wa sita, Servio, inasemekana mama yake alikuwa mtumwa. Wa saba alikuwa Tarkwino mwenye kiburi, aliyeupata ufalme kwa damu bila kumuuliza mzee wala raia. Huyo walimfungia milango ya mji, yapata miaka elfu mbili na mia tano iliyopita, wakaapa kwamba hawatakuwa na mfalme mwingine.

Mahali pake waliweka wawili, makonsuli, wenye nguvu sawasawa. Kila mmoja aliweza kumzuia mwenzake. Wote wawili waliondoka baada ya mwaka mmoja, wawe wazuri wawe wabaya. Mwalimu Shikanga alipofika kwenye somo hili alikuwa akiongea polepole, kama mtu anayebeba kitu kilichojaa maji. Watu walikuwa na mapanga na njaa na maadui pande zote, aliwaambia, na bado walikaa chini wakabuni njia ya kumwambia mwenye nguvu kwamba siku yake imefika.

Darasani kwake viranja nao walikuwa wawili, makonsuli kamili. Mwaka 2005 wawili wa Kidato cha Pili waligombana, na kila mmoja akawa anazuia agizo la mwenzake, mpaka ubao ukakaa siku nne bila kufutwa. Mimi nilifundisha milinganyo katika kipande cha ubao kisichozidi ukubwa wa sinia, juu yake kukiwa na ramani ya Italia. Nilipokwenda kushtaki, Mwalimu alikuja, akautazama ubao kwa furaha kubwa, akaniambia kwamba hivyo ndivyo ilivyo ukikosa mfalme. Hakuufuta. Siku ya tano makonsuli walipatana wenyewe, kwa kuwa hata wao walikuwa na mtihani wangu Ijumaa.

Jambo kubwa kuliko hayo lilitokea Septemba 2011. Wakati huo sheria za shule hazikuwa zimeandikwa popote. Zilikaa vichwani mwetu walimu, na kila mwalimu wa zamu alikuwa na zake. Kosa lililokuwa la kufagia uwanja siku ya Jumatatu lilikuwa la kufukuzwa siku ya Alhamisi. Asubuhi moja baada ya paredi, wanafunzi mia tatu na sitini walitoka langoni kwa mistari, hawakuvunja hata kioo kimoja, wakaenda kuketi kwenye kilima kilicho nyuma ya mizani ya miwa. Tulibaki na shule tupu, na mtihani wa kitaifa ulikuwa umebakiza wiki tano. Wengi wetu, nikiwemo, tulitaka wote wafukuzwe. Wengine walisema Shikanga ndiye aliyewafundisha, na hilo lilikuwa kweli, kwa sababu muhula uleule alikuwa amewaeleza jinsi watu wa kawaida wa Roma, walipochoka kuonewa na wakubwa, walivyotoka mjini wakaketi kilimani mpaka wakasikilizwa.

Alikwenda peke yake. Mimi nilimfuata nyuma nikijifanya natafuta ufunguo uliopotea. Alisimama mbele yao akaanza kuwasimulia yale ambayo mjumbe wa seneti aliwaambia Warumi wale, kwamba viungo vya mwili viligoma kulilisha tumbo, vikaishia kudhoofika vyenyewe. Hata tumbo hajalifikia vizuri, msichana wa Kidato cha Tatu akainua mkono. "Mwalimu, hiyo ya tumbo unatuambianga kila mwaka. Na ulisema hawakurudi juu ya hadithi. Walirudi wakishapewa watetezi." Mwalimu alicheka mpaka akakaa kwenye nyasi. Alipomaliza kucheka alitoa daftari mfukoni, akawaambia waseme, ataandika. Saa tisa alasiri walirudi kwa mistari ileile.

Kutokana na daftari hilo tulipata vitu viwili ambavyo wageni wetu wa leo wameviona au wataviona. Cha kwanza ni mabati yaliyopigiliwa nje ya lango. Warumi walipodai sheria ziandikwe walipata vibao kumi na viwili vya shaba, vikawekwa hadharani ili hata mkubwa asiweze kubadilisha neno. Sisi tulikuwa na mabati tisa yaliyobaki kwenye paa la bwalo, kwa hiyo tuna sheria tisa, kwa rangi nyeusi, upande wa barabarani ambako mzazi yeyote husoma kabla ya kuingia. Cha pili ni watetezi, wawili kwa kila kidato, wanaochaguliwa na wenzao kwa mwaka mmoja. Mtetezi ana neno moja tu. Jambo lolote likiletwa kwenye baraza la shule, akisema "nakataza", jambo hilo husimama na halirudishwi mwaka huo. Na haulizwi sababu. Mwalimu aling'ang'ania kipengele hicho cha mwisho siku nzima, sisi tukipiga kelele, kwa hoja kwamba mtoto akilazimishwa kutoa sababu mbele ya watu wazima, watu wazima watashinda hoja kila mara.

Nilidhani watoto wataichezea nguvu hiyo. Katika miaka kumi na minne neno hilo limesemwa mara kumi na moja, nimehesabu. Mara moja lilinipata mimi, nilipotaka vipindi vya hesabu Jumamosi saa kumi na moja alfajiri. Nilinuna muhula mzima, na alama za hesabu zikapanda.

Kuhusu vyeo, Mwalimu aliombwa mara tatu awe naibu mkuu, akakataa mara tatu. Mwaka 2016 mkuu wetu alipolazwa hospitalini ilibidi ashike ofisi. Aliishika siku kumi na nane. Asubuhi mkuu aliporudi, Mwalimu alimkabidhi funguo kabla ya chai, akarudi darasani na vumbi la chaki kwenye mkono wa koti. Nilidhani angefurahi, lakini alikuwa na huzuni kidogo. Alinikumbusha Sinsinato, mzee ambaye Warumi walimkuta akilima wakamwomba awaongoze vitani. Alipewa mamlaka yote kwa miezi sita, akashinda, akayarudisha baada ya siku kumi na sita na kwenda kushika plau yake. "Nimechelewa siku mbili," akaniambia.

Muda wote huo mkewe, Bi. Edah, alikuwa Likuyani akilima mahindi na kulea watoto wanne. Mwalimu alikwenda nyumbani Ijumaa na kurudi Jumapili, miaka thelathini na miwili. Bi. Edah hakuwahi kuja hapa kulalamika. Alituma viazi vitamu. Leo yumo kati yetu, kiti cha mbele, na naomba tumtazame vizuri, kwa sababu Roma yetu ilijengwa na wikendi zake.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niuandike wasifu huu upya mara tatu.

Januari 2024 tulipokea Kidato cha Kwanza cha mwisho. Kama mnavyojua, mtaala umebadilika, na wanafunzi wanaofuata watakuja Januari 2026 wakiitwa Gredi ya Kumi. Mwalimu aliwachorea wale wa mwisho mtaro wao, na alipofika kwenye wafalme, msichana mmoja mdogo wa umbo, Mitchel Wanzala, binti wa mkata miwa, aliuliza swali. "Huyo mbaya kufukuzwa ni sawa. Lakini makonsuli wazuri pia wanaondolewanga. Sasa mzuri anaondolewa ya nini?" Mwalimu alianza kujibu, akasita. Mimi nilikuwa mlangoni, nilikuwa nimekuja kuomba kifutio. Kwa mara ya kwanza nilimsikia akisema kwamba hajui jibu zuri, na kwamba atamjibu kabla hajastaafu.

Mwaka huu hatukuwa na wanafunzi wapya. Januari ilifika, ng'ombe wa jirani walikula nyasi zao kwa amani, na uwanja wa chini haukulimwa. Nilimwona Mwalimu akizeeka mwaka mzima ndani ya wiki ile. Alianza kuniuliza maswali ambayo hakuyauliza hata siku moja: je, mwalimu mpya ataijua ile ya jike ndani na dume nje? Nani ataiinua plau langoni? Nikaona nimsaidie. Mimi ndiye niliyeandika pendekezo, sifichi. Niliomba bodi imbakishe kwa mkataba wa miaka miwili, awafungulie Gredi ya Kumi Roma yao. Nilimwonyesha barua kabla sijaipeleka. Aliisoma mara mbili. Hakusema ndiyo, lakini hakunirudishia. Nilijua kinachogombana ndani yake. Mtu aliyefundisha miaka thelathini na minne kwamba siku ikifika unaondoka, siku yake ilikuwa imefika, na alitamani kubaki kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote.

Ijumaa, tarehe 11 Julai, baraza la shule lilikutana bwaloni. Kulikuwa na bodi, afisa wa elimu, walimu, wazazi kumi na wawili na watetezi sita. Mwenyekiti wa bodi, Mzee Osundwa, alisoma pendekezo langu kwa sauti yake nzuri ya kanisani, na kabla hajamaliza watu walishaanza kupiga makofi. Mzazi mmoja alipiga meza. Mwalimu Shikanga alisimama. Nilimtazama usoni nikajua amekubali, maneno yalikuwa yameshafika mdomoni.

Upande wa watetezi, Mitchel Wanzala akasimama. Sasa yuko Kidato cha Pili, ana miaka kumi na mitano, na bado ni mdogo wa umbo. "Mimi nakataza," akasema.

Makofi yalikatika vipandevipande, kwa kuwa wa nyuma hawakusikia. Mzee Osundwa aliinama mbele. "Msichana wangu," akamwambia kwa upole, "unakataza nini sasa? Na kwa nini?" Mitchel alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, machozi yakimtoka, wala hakuketi. Aliyejibu ni Mwalimu Shikanga. "Mwenyekiti," akasema, "mtetezi haulizwangi sababu." Kisha yeye akaketi.

Nimefundisha nguvu na uzito katika Fizikia pia, mwalimu wa somo hilo alipokuwa likizoni, na nilidhani najua maana ya maneno hayo. Ndani ya bwalo lile kulikuwa na mwenyekiti wa bodi, mkuu wa shule, afisa wa elimu na wazazi wenye sauti kubwa. Neno la mtoto wa mkata miwa liliwasimamisha wote, na lilisimama kwa sababu mtu mmoja, yule ambaye angeweza kuliondoa kwa tabasamu tu na sote tungemshukuru, alikaa chini. Mzee Osundwa alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaandika kwenye kitabu cha kumbukumbu kwamba jambo hilo limekatazwa.

Baadaye nilimkuta Mitchel nyuma ya jiko, mpishi amemshika mabega. Nikiwa na hasira bado, nilifanya kile ambacho sheria yetu inakataza. Nilimuuliza kwa nini. Alijipangusa uso kwa mkono wa sweta. "Mimi ndiye nampendanga kuliko nyinyi wote," akasema. "Angekuwa mbaya ningenyamaza. Mbaya si mngemtoa wenyewe? Mzuri ndiye hakuna mtu atamwambia."

Nilishuka mpaka uwanja wa chini, nikamkuta Mwalimu amesimama penye mtaro wa mwaka jana. Nyasi zimeufunika, lakini ukitazama vizuri bonde lake bado lipo. Nilimweleza alichosema Mitchel, neno kwa neno, na ile sehemu ya "nampendanga" pia. Mwalimu aliniambia kwamba alikuwa amekwisha kusema ndiyo moyoni, tena wiki mbili kabla, na kwamba alikuwa na aibu na furaha kwa wakati mmoja. "Lile swali lake," akasema, "nimelitafutia jibu mwaka mzima na nusu." Akatoa kitambaa, akajifuta. "Andika hilo, Remo. Hilo mimi sikumfundisha."

Tulipoanza kurudi nilikwenda moja kwa moja, kwa kuwa njia ya mkato ni kuvuka mtaro. Alinishika mkono wa shati. Tukazunguka mpaka langoni.

Leo, baada ya chakula, plau ya marehemu baba yake itakabidhiwa kwa watetezi sita, na watakaobaki shuleni ndio watakaoizungusha Januari mbele ya Gredi ya Kumi. Tulimuuliza Bi. Edah kama familia haitaihitaji. Alisema ibaki huku, yeye alishazoea trekta ya kukodi tangu mwaka 2009, na mzee akitaka kulima kwa mkono atapewa jembe. Mitchel amekuwa akifanya mazoezi ya kuiinua. Anaweza hatua tatu. Amebakiza moja na miezi mitano.

Kwa niaba ya walimu, wapishi, walinzi, bodi, wazazi na watoto wote wa Shirakwe, wa zamani na wa sasa, nasema asante, Mwalimu. Ulitukuta kila mmoja na kwao, ukatuzungushia mstari mmoja, ukatuachia mahali pa kutokea. Likuyani ikupokee vizuri, mahindi yakukubali, magoti yasikusumbue, na Bi. Edah asikukataze kupita kiasi. Akikukataza, usimuulize sababu.